Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Misimu ya Kiingereza ya Kwenda Kulala

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya Waswahili wanaosoma, wanaofanya kazi au wanaowasiliana na jamaa zao kwa Kiingereza, na ambao kila mara hukutana na semi za kulala zisizoelezwa katika kamusi ndogo. Kazi yangu ni kutafsiri, na maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa zaidi, hasa na wazazi wenye watoto ughaibuni na vijana wanaoandika tafsiri za filamu.

Je, "hit the sack" maana yake ni kupiga gunia?

Hapana. Maana yake ni kwenda kulala, na kwa kawaida husemwa na mtu aliyechoka ambaye anaaga wenzake. Gunia linalotajwa ni godoro. Zamani, watu wa kawaida wa Ulaya na Marekani walilalia mifuko ya kitambaa kigumu iliyoshindiliwa nyasi kavu au mabua, na ndiyo sababu usemi huu una ndugu yake, "hit the hay", ambamo "hay" ni nyasi zilizokaushwa kwa ajili ya mifugo. Usemi wa nyasi ulianza kuonekana katika maandishi ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, nao wa gunia ulienea kupitia wanajeshi wa nchi hiyo katika miaka ya 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mtu aliyelelewa na bibi mwenye godoro la sufi au la usumba, ambalo lilitolewa juani kila baada ya muda na kupigwapigwa ili livimbe tena, ataiona picha hiyo mara moja.

Neno linalowasumbua wengi ni "hit", kwa sababu tumefundishwa shuleni kwamba maana yake ni kupiga. Lakini Mswahili ndiye mtu ambaye hakupaswa kusumbuliwa na neno hilo hata kidogo. Sisi wenyewe tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga mbizi, tunapiga magoti, tunapiga simu, na tukichoka tunauchapa usingizi, wala hakuna anayefikiria kipigo. Kitenzi kimeacha maana yake ya kwanza na kinabeba tu wazo la kulifanya jambo kwa bidii au kwa mkupuo. Ndivyo ilivyo kwa "hit" katika semi hizi: ni kufika mahali au kuanza jambo. "Hit the road" ni kushika njia, "hit the books" ni kukaa chini na kusoma, "hit the bottle" ni kuzama katika ulevi, na "hit the roof" ni kupandwa na hasira. Ukilitafsiri neno moja moja utapotea katika zote nne.

Kuna tofauti gani kati ya gunia na nyasi?

Kwa maana, hakuna. Zote mbili ni za mazungumzo ya kirafiki. Askari na mabaharia wa Marekani husema pia "hit the rack", kutokana na vitanda vyao vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.

Kwa nini mwalimu amenisahihisha nilipoandika "I slept at ten"?

Swali hili linahusu Kiingereza cha kawaida, lakini nimeliweka hapa kwa sababu asiyeshika tofauti hii hataielewa misimu yote inayofuata. Kitenzi chetu "kulala" kina kazi nyingi mno. Tunakitumia kwa kupanda kitandani, kwa kupatwa na usingizi, kwa kuwa usingizini, kwa kujilaza bila usingizi, na hata kwa kukaa mahali usiku kucha, kama tunaposema kwamba basi liliharibika na abiria wakalala Morogoro, ingawa pengine hakuna hata mmoja wao aliyefumba jicho. Kiingereza kimezigawa kazi hizo. Kupanda kitandani ni "go to bed", kupatwa na usingizi ni "fall asleep", kuwa usingizini ni "sleep", kujilaza ni "lie down", na kulala Morogoro ni "spend the night".

Kwa hiyo mtu anayetaka kusema kwamba alikwenda kitandani saa nne za usiku anapaswa kuandika "I went to bed at ten", na kama usingizi ulimjia saa tano ataongeza "and fell asleep around eleven". Kosa la "I slept at ten" ni la kawaida sana kwetu Afrika Mashariki, na halitokani na uvivu wa mwanafunzi. Linatokana na upana wa kitenzi chake cha nyumbani.

Baada ya kuielewa tofauti hiyo, misimu nayo hujipanga yenyewe. "Hit the sack", "hit the hay" na "turn in" ni za kwenda kitandani. "Nod off", "doze off" na "drop off" ni za kupitiwa na usingizi, mara nyingi bila kukusudia. "Kip" na "shut-eye" ni za usingizi wenyewe.

"Turn in" imetoka wapi, nayo ni lugha ya heshima?

Imetoka baharini. Katika meli za matanga kazi iligawanywa kwa zamu, na baharia aliyemaliza zamu yake aliingia kwenye machela yake ya kulalia, yaani "turn in", naye aliyeitwa kazini alitoka, yaani "turn out". Usemi huu umekuwapo tangu karne ya 17, na huenda umri huo ndio ulioupa adabu, kwa maana leo unaweza kuutumia mbele ya wakwe, wageni au mkuu wa kazi bila kuonekana umevuka mpaka. "I think I'll turn in" ni kauli ya upole kwa mgeni anayetaka kuondoka sebuleni.

Iliyo rasmi zaidi ni "retire for the night". Angalia usije ukaelewa kwamba anayesema hivyo anastaafu kazi, kwani "retire" hapa ni kujitenga na watu na kwenda chumbani. Siku hizi husikika kwa nadra, zaidi katika riwaya za zamani.

"Call it a night" nayo ni kwenda kulala?

Si lazima. Maana yake ni kusema kwamba shughuli ya usiku huu imetosha. Wanamuziki wanaofunga vyombo vyao saa nane za usiku wanaweza kusema "let's call it a night", kisha wakaenda kutafuta chakula. Ikiwa ni mchana, husemwa "call it a day".

Mwanangu aliye ng'ambo ameandika kwamba "crashed at a friend's place". Je, amepata ajali?

Hapana, amelala kwa rafiki yake. Naomba nilieleze swali hili kwa kirefu, kwa sababu nimeshuhudia madhara yake ndani ya familia yangu.

Dada yangu ana kijana anayesoma Kanada. Usiku mmoja alinipigia simu huku sauti ikimtetemeka, akasema, "Kaka, mtoto amegonga gari." Alikuwa ameshavaa, amewaamsha majirani wawili, na mmoja wao alikuwa anauliza bei ya tiketi ya ndege. Nilimwomba anisomee ujumbe wote, herufi kwa herufi, naye akasoma: "Crashed at a friend's place, call you tomorrow." Neno la kwanza alilijua kutoka kwenye taarifa za habari, ambako hutajwa pamoja na ndege na mabasi, na baada ya kuliona hakuyasoma yaliyofuata. Nilimweleza kwamba anayepata ajali hasemi ilitokea "at a friend's place", na kwamba aliyeumia haahidi kupiga simu kesho kwa utulivu kama huo. Kijana alikuwa amechelewa maktaba, mabasi yamekwisha, akalala kwenye kochi la rafiki yake.

"Crash" kwa maana ya kulala ilienea kwa vijana wa Marekani katika miaka ya 1960 na 1970. Ina sura mbili. Ya kwanza ni kujibwaga na kulala papo hapo kwa uchovu, kama mtu anayerudi kutoka safari ndefu na kulala na viatu. Ya pili, iliyomtisha dada yangu, ni kulala mahali pasipo pako kwa sababu ya dharura, kwenye kochi au mkeka sakafuni. Kwa hiyo "Can I crash at your place?" ni ombi la hifadhi ya usiku mmoja, nalo kwa Kiswahili linatosha kusemwa, "Naomba nilale kwako leo." Alama ya kuangalia ni kile kinachofuata: "crashed the car" ni ajali, "crashed at" pamoja na nyumba ya mtu ni malazi.

Je, "pass out" ni sawa na "crash"?

Zinakaribiana, lakini "pass out" kwanza ni kuzimia. Hutumika pia kwa aliyelala kwa uchovu au ulevi hata asijitambue. Katika nchi zetu neno hili lina maana nyingine tena, ile ya askari wapya kuhitimu mafunzo kwa gwaride, ambayo tumeirithi kutoka Uingereza. Usilichanganye na "pass away", ambalo ni tafsida ya kufariki. Wanaoandika salamu za rambirambi wazingatie sana tofauti hii.

"Forty winks" ni usingizi wa muda gani?

Ni usingizi mfupi, kwa kawaida wa mchana, juu ya kiti au kochi. "Wink" katika Kiingereza cha zamani ilihusu kufumba jicho, na tangu enzi hizo ikawa pia kipimo kidogo kabisa cha usingizi. Anayesema "I didn't sleep a wink" anasema kile tunachokiita kutopata hata lepe la usingizi. Hiyo arobaini haihesabiwi.

Katika kundi hili wamo pia "nap", "catnap" ambao ni usingizi wa paka, yaani mfupi na mwepesi, na "power nap", unaolaliwa kwa makusudi ili mtu arudi kazini akiwa na nguvu. "Catch some Zs" inatokana na vibonzo, ambavyo huandika herufi Z nyingi juu ya kichwa cha anayekoroma. Wamarekani huitamka herufi hiyo "zii", si "zedi" kama tulivyofundishwa, na ndivyo inavyotamkwa katika usemi huu.

Lipo neno moja hapa ninalolipenda kuliko yote, nalo ni "siesta", usingizi wa baada ya chakula cha mchana. Waingereza walilichukua kwa Wahispania, ambao nao walilirithi kutoka Kilatini, "hora sexta", yaani saa ya sita. Warumi walianza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, kwa hiyo saa yao ya sita ilikuwa adhuhuri. Mwanafunzi wa London anahitaji kuelezwa kwa nini neno la mchana limetoka kwenye namba sita. Mtoto wa Tanga au wa Lamu hahitaji maelezo, kwa sababu kwake saa sita ni saa sita.

Bedfordshire ni wapi, na kwa nini watu huenda huko usiku?

Bedfordshire ni jimbo halisi la Uingereza, kaskazini ya London. Wazazi wa Kiingereza huwaambia watoto kwamba ni wakati wa kwenda "up the wooden hill to Bedfordshire", yaani kukipanda kilima cha mbao hadi Bedfordshire. Kilima cha mbao ni ngazi za nyumba, kwani vyumba vya kulala huwa ghorofani, na jina la jimbo limechaguliwa kwa sababu linaanza na "bed", kitanda.

Mchezo wa maneno wa aina hiyo hiyo umo katika "the Land of Nod". Kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, kinasimulia kwamba Kaini alikwenda kuishi katika nchi ya Nodi, mashariki mwa Edeni. Kwa bahati, "nod" kwa Kiingereza ni kuinamisha kichwa, na kichwa cha anayesinzia huinama chenyewe. Mwandishi Jonathan Swift aliitumia nchi hiyo kwa maana ya usingizi katika kitabu chake cha mazungumzo kilichochapishwa mwaka 1738, na Bedfordshire nayo imo humo humo. Kutoka kwenye kuinamisha kichwa huko ndiko inakotoka "nod off", na yeyote aliyepanda basi la alfajiri ameona jambo lenyewe: abiria wa dirishani kichwa kinashuka taratibu, kinagonga kioo, kinainuka, kisha kinaanza safari upya.

"Kip" ni neno zuri?

Uingereza ni neno la kawaida la usingizi: "have a kip" ni kulala kidogo. Ireland mambo ni tofauti, kwani huko "kip" ni mahali pachafu, na katika karne ya 18 lilimaanisha danguro. Ukiwa Dublin usiisifie nyumba ya mwenyeji wako kwa neno hili.

Katika "sleep tight", kinachokazwa ni nini?

Wengi wamesimuliwa kwamba ni kamba za kitanda. Maelezo hayo yanasema kwamba vitanda vya zamani vilikuwa na kamba badala ya mbao, na kwamba zilipolegea zilikazwa ili mtu alale vizuri. Yanatuvutia zaidi sisi, kwa sababu kitanda cha kamba tunacho hadi leo, na aliyewahi kumshika mzee mkono akiwamba kitanda anajua jinsi kamba mpya inavyolegea baada ya wiki chache na jinsi mgongo unavyouma isipokazwa. Lakini hata hivyo maelezo hayo hayana ushahidi. "Tight" katika Kiingereza cha zamani ilitumika pia kwa maana ya kabisa au barabara, na usemi wenyewe unaonekana katika shajara ya Marekani ya mwaka 1866, ukiambatana na "wake bright", bila kamba yoyote. Maana yake ni "lala unono". Sioni haja ya kutafuta tafsiri nyingine, maana hii imetimia.

Watoto huongezewa "don't let the bedbugs bite", yaani kunguni wasikuume. Kwetu, ambako mzazi humfunika mtoto na kuchomeka chandarua chini ya godoro pande zote, angetajwa mbu.

Ni semi zipi zinaweza kuniletea matatizo?

Ya kwanza na iliyo nzito ni "put to sleep". Ikitajwa kwa mtoto ni kumlaza, na hospitalini inaweza kuwa kumpa mgonjwa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji, lakini daktari wa mifugo akiisema kuhusu mbwa au paka anamaanisha kumuua mnyama kwa sindano ili asiteseke. Ni tafsida ya huruma, nayo imewafanya wenye wanyama watoe idhini wasiyoielewa. Kama una shaka yoyote, uliza waziwazi, "Will he wake up?", kabla ya kutia sahihi.

"Sleep with" na "go to bed with" zina maana ile ile ya "kulala na" kwa Kiswahili, kwa hiyo mtu aliyegawana chumba na mwenzake safarini aseme "shared a room with". "In the sack" nayo ni ya mapenzi, ilhali "get the sack" ni kufukuzwa kazi, na hakuna kati ya hizo mbili inayomaanisha kwenda kulala kama "hit the sack". "Tuck in" ikimhusu mtoto ni kumfunika na kuchomeka shuka, lakini Mwingereza akiisema mezani anakukaribisha ule bila kusita. "Drop off" ni kusinzia, ila pia ni kumshusha mtu njiani.

Na wanaotafsiri wajihadhari na "night owl". Kwa Kiingereza ni mtu apendaye kukaa macho usiku, bila ubaya wowote. Ukimwita msomaji bundi kwa Kiswahili umemtajia uchuro. Andika "mpenda kukesha".

"Sleep in", "oversleep" na "sleep on it" zinatofautianaje?

"Sleep in" ni kulala hadi jua liwe juu kwa kupenda, kama Jumapili. Waingereza huita jambo hilo "a lie-in". "Oversleep" ni kupitiliza usingizi na kuchelewa. "Sleep on it" ni kuahirisha uamuzi hadi asubuhi.

Ninapotafsiri filamu, nitumie Kiswahili gani?

Tumia kile ambacho mhusika angekisema kama angezaliwa kwetu, na kwanza ujiulize anaongea na nani. Askari anayemwambia mwenzake "I'm gonna hit the sack" anaweza kusema "Najitupa kitandani" au "Nakwenda kuuchapa usingizi". Bibi anayesema maneno hayo hayo kwa wajukuu atasema "Ngoja nikalaze ubavu". "Out like a light" ni "usingizi umemchukua mara moja", na "dead to the world" ni kulala fofofo. "Sleep like a log" inakubali "kulala kama gogo", na Pwani watafurahi zaidi ukiandika "kulala kama pono". Nimeona tafsiri za kuandika "gonga nyasi" chini ya picha ya mama aliyechoka, na huniuma, kwa sababu lugha iliyo na lepe, na mang'amung'amu, na unono, na pono haikuwa na upungufu wowote wa kuazima nyasi za watu.

Mtu akiniandikia "Night!" au "Nighty-night", nijibu nini?

Jibu "Night!" au "You too, sleep well." "Nighty-night" ni lugha ya watoto na wapendanao, kwa hiyo usiitumie kwa mwajiri. Kumbuka pia kwamba "good night" ni ya kuagana tu. Anayeingia mahali saa mbili za usiku husema "good evening". Ni sawa na "alamsiki" ya wazee wa Pwani, ambayo haisemwi mlangoni wakati wa kuingia, na ambayo jibu lake ni "binuru".